Nilivyowafundisha wadogo habari ya Elisha na wale dubu

Huu ni mwaka wa sita nafundisha darasa la wadogo, Shule ya Jumapili ya usharika wetu hapa Morogoro, wale wa miaka 4 hadi 7. Katika miaka yote hiyo hakuna somo lililonitesa kama ile mistari mitatu ya mwisho mwisho wa 2 Wafalme sura ya 2. Nabii Elisha anapanda kwenda Betheli, vijana wanatoka mjini wanamzomea kwa upaa wake, anawalaani kwa jina la Bwana, dubu wawili wa kike wanatoka mwituni, na vijana 42 wanararuliwa. Kwenye ratiba yetu somo liliandikwa "Kuwaheshimu wajumbe wa Mungu". Nikapewa dakika arobaini na watoto thelathini na kitu.

Nianze na ushauri niliopewa, maana mpaka leo unanikera. Mwalimu mwenzangu, mtu wa siku nyingi katika kazi hii, aliniambia, "Hawa ukiwatisha kidogo wanatulia. Waambie asiyemheshimu mchungaji anakuja dubu, utaona mwaka mzima husumbuki." Mwingine akaniambia niiruke kabisa, niwafundishe Zakayo, kwa sababu Zakayo hajawahi kumliza mtoto. Nikamsikiliza yule wa kwanza.

Nilijiandaa kweli kweli. Niliazima mablanketi mawili ya kahawia, nikawaomba vijana wawili wa kwaya wajifiche sakristia wakiwa wamejifunika. Elisha alikuwa mvulana wa darasa la wakubwa, nikamvisha kanzu na kumwekea kichwani nusu ya mpira wa plastiki uliopasuka, uwe ndio upaa. Wadogo wote nikawafanya kuwa wale vijana wa Betheli. Nikawafundisha maneno yao kama yalivyo kwenye Biblia ya Union: "Paa wewe mwenye upaa!" Sasa mstari ule una mdundo wake, mtoto akiusikia mara mbili haumtoki. Walipiga makofi, waliruka, walizunguka madawati wakiimba "paa wewe, paa wewe." Nikajiambia leo somo limeingia.

Kisha nikatoa ishara, mlango wa sakristia ukafunguliwa, na wale vijana wakatoka kwa miguu minne wakiunguruma.

Sijawahi kusikia ukelele wa namna ile kanisani. Watoto sita saba waliingia chini ya mabenchi. Mmoja wa miaka minne alijikojolea palepale alipokuwa amesimama, mikono kando ya mwili, bila hata kulia, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Wawili walitoka mbio mpaka nje na mama mmoja muuza maandazi ndiye aliyewadaka kabla hawajafika barabarani. Vijana wa kwaya wakavua mablanketi haraka wakisema "ni sisi, ni sisi," lakini kwa mtoto wa miaka mitano aliyekwisha kuona dubu, kijana anayetoka ndani ya dubu hamtulizi.

Na bado. Jumapili iliyofuata, wakati wa sadaka, mzee mmoja wa kanisa mwenye upaa mzuri unaong'aa alipita na kikapu, na mtoto mmoja wa darasa langu akaangua kilio ibada nzima ikageuka. Alikuwa anaogopa kwamba akimwangalia vibaya yule mzee, dubu watakuja. Katikati ya wiki nikapita karibu na kijiwe cha fundi baiskeli, nikakuta watoto wangu watatu, hao hao, wamejipanga ng'ambo ya mtaro wanampigia makofi fundi wa watu: "Paa wewe mwenye upaa!" Kwa somo moja nilikuwa nimezalisha waoga na wazomeaji, na wote wamejifunza kwangu.

Mama wa yule aliyelia alinifuata nyumbani. Hakuja kwa ugomvi. Alisema tu, "Mwalimu, mwanangu ananiuliza usiku, Mungu anafuga dubu?" Nikakosa la kumjibu. Nilimwomba radhi, na jioni ile nikafungua tena sura ya 2 nikaisoma kuanzia mwanzo, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kuazima mablanketi.

Ukiisoma yote unaona vitu ambavyo mistari mitatu peke yake haionyeshi. Nabii Eliya, bwana wake Elisha, amechukuliwa mbinguni kwa upepo wa kisulisuli muda si mrefu. Elisha ameokota vazi lake, amevuka Yordani, amefika Yeriko na kukuta maji mabaya, ameomba chombo kipya na chumvi, maji yakapona. Yaani huyu mtu anakuja kutoka kuwatibia watu maji ya kunywa. Na Betheli ndiko mfalme Yeroboamu alikomweka mmoja wa wale ndama wake wa dhahabu wa kuabudiwa, mwingine akamweka Dani. Kwa hiyo wanaposema "paa" wanamwambia na wewe potea juu kama mwenzako, utuachie mji wetu. Maneno hayo yalimpita Elisha yakamgonga aliyemtuma. Pia walikuwa kundi, kundi kubwa, maana waliokutwa na dubu tu ni 42. Na Biblia yetu inawaita vijana. Watoto wangu wa vidudu nilikuwa nimewavika kosa la watu waliowazidi umri.

Neno lenyewe "paa" nilikuja kugundua nusu ya darasa walielewa paa la nyumba. Mmoja aliniuliza baadaye kama Elisha alikuwa amepanda juu ya bati. Mwingine alijua paa mnyama. Ukifundisha somo hili anza na neno hilo, ruka juu mikono imenyooshwa, waelewe ni kupaa.

Sasa, nilipata wapi njia? Niliipata kwa Mangi, dukani. Nilisimama kusubiri chenji, akaja mtoto wa darasa langu, pua inafika kwenye ukingo wa kaunta, akasema kwa pumzi moja: "Shikamoo, mama kasema umpe chumvi na kiberiti atalipa jioni." Mangi akampa bila swali, akaandika kwenye daftari. Nikabaki nimesimama. Yule mtoto hakuwa na hela wala jina kubwa, alikuwa na neno la mama yake tu mdomoni, na kwa neno hilo alipewa. Watoto wetu wanatumwa tangu wanapojua kushika noti. Kuwaeleza hawa ujumbe ni nini ni kazi bure, wao ndio wajumbe wa kila nyumba.

Jumapili iliyofuata sikufungua Biblia mapema. Nilikuwa nimepatana na binti mmoja wa darasa la wakubwa na mwalimu wa kwaya. Usimfanyie jambo hili mtoto mdogo asiyejua, utamwumiza. Mbele ya wote nikamwambia binti, "Nenda kwa mwalimu wa kwaya, mwambie mimi naomba zile kayamba." Akaenda. Mwalimu wa kwaya akamtazama juu mpaka chini, akasema kwa sauti, "Hebu ona kandambili zako, moja nyekundu moja ya bluu! Toka hapa." Akacheka. Binti akarudi mikono mitupu, kichwa chini.

Darasa likawa kimya. Nikauliza, "Amefanya nini mwalimu wa kwaya?" Nilitegemea waniambie amecheka kandambili. Mvulana mmoja wa mbele, mwenye pengo la meno mawili, akasimama amekasirika kabisa: "Kakudharau wewe!" Wengine wakadakia, "Ndiyo, kakudharau mwalimu! Wewe ndiye uliyetuma!" Kandambili hakuna aliyezitaja. Nilisikia mwili unasisimka. Kitu ambacho mimi mtu mzima nilikitafuta wiki mbili, wao walikuwa nacho mfukoni.

Mwalimu wa kwaya akaja akawaeleza kwamba tulikuwa tunaigiza, akampa binti kayamba na kumwomba radhi mbele yao. Hilo usiliache. Mtoto asiondoke bila kuona jambo limetengenezwa.

Ndipo nikauliza, "Na Elisha, alitumwa na nani?" Wakajibu wote kwa mpigo. Nikawaeleza ile ya chumvi na maji ya Yeriko, na wanafahamu chumvi ya kutumwa, basi ikaingia vizuri. Hata ule msemo wa mjumbe hauawi niliutumia, na wakaukumbuka nyumbani, mzazi mmoja aliniambia.

Swali lililonikamata ni la binti mdogo wa nyuma kabisa: "Na mtu akisema katumwa, kumbe hajatumwa?" Wenzake wakacheka kwa sababu wanajua, wapo waliowahi kwenda kwa Mangi kusema mama kasema nipe pipi. Mimi sikucheka. Tangu habari za Shakahola kule Kilifi, Kenya, mwaka 2023, ambako hata watoto walikufa kwa sababu wazazi waliamini kila alichosema mhubiri wao, sithubutu kufundisha heshima kwa watumishi wa Mungu nikaishia hapo. Nikawaambia: Mangi akimtilia shaka mtoto, hufanya nini? "Anampigia mama simu!" Vizuri. Na sisi tuna neno la Mungu, tunalinganisha. Yesu alisema tutawatambua kwa matunda yao. Nikaongeza, polepole, nikiwatazama mmoja mmoja: mtu yeyote, hata akivaa kanzu nyeupe, hata akiwa mimi, akikwambia fanya hiki na usimwambie mama, huyo hajatumwa na Mungu. Nenda umwambie mama. Nikawafanya waseme mara tatu. Ukinikosoa kwamba nimetoka nje ya somo nitakuambia hilo ndilo somo.

Jumapili ya pili niliwapeleka Shunemu, 2 Wafalme 4. Yule mama mwenye uwezo anamwona Elisha anapita pita, anamwambia mumewe wamtengenezee chumba kidogo, wamwekee kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Vitu vinne, mtoto anahesabu kwa vidole. Nilichukua maboksi ya sabuni kwa Mangi, bure, gundi na karatasi za rangi labda elfu tatu au nne, sikuweka hesabu. Viberiti vitupu vikawa vitanda, vifuniko vya soda vikawa meza, kipande cha khanga shuka.

Nilizunguka nikaangalia. Boksi moja lilikuwa na kitambaa cheupe chembamba kimeninginizwa juu ya kitanda kwa uzi, kimechomekwa vizuri pande zote. Nikamuuliza mwenyewe hiki nini. "Chandarua. Elisha asiumwe na mbu." Aliyesema hivyo ndiye yule aliyejikojolea siku ya mablanketi. Nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Dubu niliwarudia Jumapili ya tatu, sikuwaficha. Wapo kwenye Biblia na watoto watawakuta. Niliwaeleza nikiwa nimeketi chini pamoja nao, sauti ya kawaida, bila mtu kuunguruma. Wengi walidhani dubu ni yule mdoli wa kulala naye. Nikawaambia ni mnyama halisi, mkubwa, ana manyoya mazito, na hayuko porini kwetu, hata ukienda Mikumi utaona tembo na twiga lakini dubu humwoni. Kule kwao Elisha walikuwepo, Daudi mwenyewe alipigana na mmoja alipokuwa anachunga kondoo. Niliwaambia vijana wale waliumizwa, na kwamba ni jambo la kuhuzunisha, na kwamba Mungu hakulichukulia kwa wepesi kudharauliwa mjumbe wake. Nikasimamia hapo. Kisha nikaweka chini maboksi yao, nikauliza, "Elisha amechoka, ametoka safari. Aende Betheli au Shunemu?" Mnajua walivyojibu.

Wale watatu wa kijiwe niliwapeleka mwenyewe kwa fundi baiskeli. Walimwamkia, wakamwomba radhi, fundi akawajazia upepo mpira wao.

Lakini alikuwa amebaki yule wa kilio cha sadaka. Wiki zote hizo alikuwa anapita mbali na mzee wa kanisa. Jumapili ya mwisho wa mwezi nikamwita nikamwambia, "Nenda kwa babu yule, mwambie mwalimu anaomba ufunguo wa kabati la Biblia." Akanitazama. Nikamwambia, "Nakutuma wewe." Akaenda, hatua fupi fupi, akasimama kama mita mbili hivi. Nikasikia, "Shikamoo babu. Mwalimu anaomba ufunguo." Mzee, ambaye nilikuwa nimemsimulia yote, akaitika "Marahaba mjukuu wangu," akavua kofia yake, akainama mpaka kichwa kikawa usawa wa mtoto. Mkono mdogo ukanyooka, ukagusa ule upaa kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja chote.

Akarudi mbio, ufunguo ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. "Mwalimu, babu kasema huu hapa, na anakusalimia."