Siku moja na kanda za Hitchcock na Truffaut

Saa 12 asubuhi nimeshakaa mezani. Kushoto kitabu cha mahojiano yao, toleo la Kiingereza, kimejaa alama za penseli. Kulia kompyuta yenye rekodi za mahojiano hayohayo, vipindi 25 vya sauti vilivyorushwa na redio ya Ufaransa. Kazi yangu ya kila siku ni kunukuu mahojiano, neno kwa neno, kwa hiyo nikisoma mahojiano yaliyochapwa lazima nijiulize maneno yale yalitokaje mdomoni. Haya ni ya Agosti 1962: Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, yuko ofisini kwake katika studio za Universal, na François Truffaut, mwongozaji mwenzake kutoka Ufaransa, anamhoji kwa takriban wiki nzima, filamu baada ya filamu.

Saa 1 nasoma sura ya kwanza kabla ya kubonyeza chochote. Kipo kile kisa cha Hitchcock alipokuwa mtoto, aliyetumwa na baba yake kupeleka barua polisi, akafungiwa seli dakika chache. Karatasini kinateleza kama maji. Swali, jibu, swali.

Saa 2 navaa hedifoni, na hapo ndipo mambo yanapobadilika. Waliomo chumbani ni watatu, si wawili. Truffaut anauliza kwa Kifaransa cha mbiombio. Hitchcock anajibu kwa Kiingereza, taratibu, kila neno amelipima. Katikati yupo mkalimani, Helen Scott, na mara nyingi anaanza kutafsiri mwenzake hajamaliza, sauti zinapandana. Jina lake lipo mwanzoni mwa kitabu. Ndani ya mazungumzo hayumo kabisa.

Asubuhi yote inaishia kwake. Hitchcock anatia utani. Scott anacheka kwanza, anatafsiri huku kicheko bado kiko kooni, ndipo Truffaut anacheka. Narudisha nyuma nisikilize tena. Vicheko viwili vya utani mmoja, vimepishana kwa sekunde kadhaa! Kitabuni utani umebaki, vicheko vimefutwa. Na hizo sekunde zina kazi yake: Scott akiwa anatafsiri, Hitchcock anapata nafasi ya kufikiri, kisha anaongeza mfano ambao hakuutaja mwanzo. Naamini kabisa kwamba sehemu ya uzito wa majibu yake imetokana na kusubiri huko.

Saa 7 nakula haraka.

Saa 8 mchana nafika kwenye bomu, mfano wa Hitchcock wa kutofautisha mshtuko na taharuki, mahali ninapopapenda kuliko pote. Watu wanapiga soga mezani, chini ya meza kuna bomu. Mtazamaji asipojua, likilipuka anapata mshtuko wa sekunde 15. Akijua kwamba litalipuka saa saba kamili, na saa ya ukutani inaonyesha saa saba kasorobo, ana dakika 15 za taharuki. Nasoma kwa Kiingereza huku nikikumbuka njia ambayo maneno haya yamepita: Hitchcock aliongea Kiingereza, majibu yakatafsiriwa kwa Kifaransa kwa ajili ya kitabu cha 1966, na toleo la Kiingereza la 1967 kwa sehemu kubwa likafasiriwa kutoka Kifaransa hicho. Mtu aliyesema Kiingereza anasomwa kwa Kiingereza ambacho si chake.

Saa 9 nagundua kosa. Jibu nililoliandikia pembeni "limeachwa" halikuachwa; limeunganishwa na jingine kurasa kadhaa mbele. Nafuta, naanza upya kipande kile. Inanichukua hadi saa 11.

Simlaumu Truffaut. Alikitolea jasho kitabu hiki kwa miaka, na nani angesoma kila "eeh" na kila sentensi iliyokatika njiani? Kukata kulihitajika. Ninachosikitikia ni mtu mmoja tu. Bila Scott hao wawili wasingeelewana, na msomaji anafunga kitabu akidhani walikuwa wakizungumza lugha moja.

Saa 1 jioni navua hedifoni, masikio yanauma. Nafungua faili la kazi yangu mwenyewe, mahojiano ya lugha mbili ambayo mteja aliagiza niondoe sauti ya mkalimani, nami nikaiondoa bila kuuliza. Rekodi asili bado ninayo. Natengeneza nakala ya pili, naandika herufi M pembeni mwa ukurasa, na naanza kumrudisha mkalimani, mstari kwa mstari. Kesho nitampigia mteja nimweleze kwa nini.