Nilivyoacha kubabaishwa na nondo wenye macho mbawani

Masika yakianza Mombasa, taa za uani huvuta nondo wakubwa wa hariri. Wawili ndio walionisumbua: Bunaea alcinoe, na Gonimbrasia zambesina ambaye viwavi wake hula majani ya miembe. Wote wa kahawia, wote wana doa kama jicho, la rangi ya chungwa, kwenye bawa la nyuma, na jicho hilo ndilo linalopoteza watu.

Siku hizi naanza na bawa la mbele. Bunaea ana baka jeupe lenye kidirisha kidogo kinachopitisha mwanga. Gonimbrasia ana doa la mviringo lililozungushiwa pete. Rangi ya jumla siitegemei kabisa: hutofautiana ndani ya spishi moja, na nondo mkongwe hupukutika unga wote.

Picha napiga mchana kivulini, rula kando. Taa ya manjano hudanganya. Napima bawa la mbele tu, shinani hadi nchani, kwa sababu upana wa mbawa zote hubadilika kulingana na nondo alivyotandazwa. Vipapasio vipana kama unyoya ni vya dume, vyembamba ni vya jike. Ukisahau hilo utawafanya mume na mke kuwa spishi mbili.

Jike nikimpata hai namtia kwenye mfuko wa kaki usiku mmoja, atage. Viwavi wakikua humaliza ubishi: wa Bunaea ni weusi, wana miiba myeupe na madoa mekundu ubavuni. Wape udongo laini wenye unyevu kidogo, maana nondo hawa wote wawili hugeuka pupa, yaani hatua ya kati ya kiwavi na nondo, ardhini bila kifukofuko cha hariri. Wa hariri kwa jina tu!

Kifukofuko kigumu kwenye mkunazi huenda ni cha Epiphora, nondo mwingine wa hariri, ambaye ana vidirisha kwenye mbawa zote nne. Epiphora wenyewe kwa wenyewe hufanana mno, na hapo picha haitoshi. Nakata ncha ya tumbo la dume aliyekufa, nailoweka usiku kucha katika potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, dawa kali inayolainisha na kuyeyusha nyama, kisha nasafisha magamba kwa brashi na kulinganisha viungo vya uzazi chini ya hadubini. Ikikaa siku mbili hulainika mno, na umbo hupotea. Kuichemsha juu ya moto nimeacha. Dawa huruka, na inaunguza macho.

Kipande hicho hukaa kwenye kichupa cha gliserini, kimechomwa pini ileile ya nondo wake, na lebo ya mahali, tarehe na mti.