Kitako cha Mpingo

Mwaka 2012 nilikuwa nachezea timu ya pool ya baa moja ya Sinza, katika ligi ndogo ya baa za jirani iliyochezwa kila Jumapili alasiri. Zilikuwa enzi ambazo mashindano ya taifa yalidhaminiwa na bia ya Safari, na kila aliyewahi kumaliza fremu, yaani mchezo mmoja, bila kumpa mwenzake nafasi alijiona yuko njiani kuitwa timu ya mkoa. Mimi nilikuwa mchezaji wa wastani, niliyejiaminisha kwamba kilichonibakiza kwenye wastani huo ni fimbo za baa.

Fimbo zile kwa kweli zilikuwa na kasoro zao. Zilishinda na kulala zimeegemea ukutani, kwenye joto na unyevu wa Dar es Salaam, kiasi kwamba ukiiviringisha mojawapo mezani uliona ncha yake ikipanda na kushuka. Kipande cha ngozi nchani kilikuwa kimelika hadi kukaribia pete. Siku za kawaida hakuna aliyejali: unaweka sarafu yako ukingoni mwa meza kushika zamu, aliyeshinda anabaki, aliyeshindwa anapisha. Ligini ilikuwa habari nyingine. Wachezaji wa timu za juu walikuja na fimbo zao za vipande viwili ndani ya mikoba mirefu, wakaziunga taratibu mbele ya macho ya watu, na mimi niliyesimama upande wa pili nilianza kushindwa kabla mipira haijapangwa.

Ndipo nilipopata Kariakoo, kwa bei ya kutupa, kipande cha mbele cha fimbo ya Kiingereza, cha mbao nyeupe yenye mishipa iliyonyooka, na skrubu yake ya shaba ikiwa nzima. Kitako chake, kile kipande cha nyuma cha kushikia, kilikuwa kimevunjika. Nikakipeleka Mwenge, kwenye vibanda vya wachongaji, kwa mzee mmoja wa Kimakonde ambaye mikono yake niliwahi kuitazama ikifanya kazi.

Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza ninachotaka. Hakuwa amewahi kucheza pool, wala hakujifanya anaijua. Alinipa mpini wa fagio na kuniambia nipige mpira usiokuwepo, nikainama pale mbele ya wateja waliokuja kununua vinyago, nikapiga mara tano, sita. Alikuwa akitazama mkono wa nyuma tu. Kisha alichukua kipande cha kamba ya katani, akanizungushia kiganjani, akafunga fundo pale kilipokutana, na kamba hiyo akaitundika msumarini.

Gogo alilolitoa chini ya benchi lilikuwa jembamba, jeupe pembezoni na jeusi katikati kama mkaa uliolowa. Alibandua kibanzi cha ule weusi na kukitupa kwenye ndoo ya maji, kikazama moja kwa moja.

"Huu umefika juzi kutoka Kilwa," alisema. "Ndani bado una maji. Niachie mpaka masika yapite, mwanangu."

Alinieleza kwamba mpingo hukauka polepole kuliko miti mingine mingi, kwamba vichwa vya gogo hupakwa nta ili unyevu usitoke kwa haraka upande mmoja na kulipasua, na kwamba hata wanaotengeneza klarineti, zile ala za kupuliza, huko Ulaya huuweka muda mrefu kabla ya kuukereza. Nilisikia yote. Lakini tulikuwa mwezi wa Machi, na baada ya wiki mbili tulikuwa na mechi dhidi ya vinara wa ligi. Nikaongeza fedha juu ya benchi. Alizitazama muda kidogo, akasema, "Fimbo ni yako," akashika tezo.

Kilichotoka mikononi mwake sijawahi kuona mfano wake. Kilikuwa cheusi chenye michirizi ya zambarau iliyojitokeza juani tu, na ukanda mwembamba wa ule weupe wa pembezoni aliouacha kwa makusudi upande ambao kidole gumba changu kingelala. Nilikipima kwenye mizani ya bucha: fimbo nzima ilikuwa na gramu 680, wakati nyingi huwa na gramu 500 na ushee. Nikajiambia kwamba uzito ni nguvu.

Jumapili ile mvua ilinyesha tangu asubuhi na kitambaa cha meza kilikuwa kizito. Nahodha wetu aliishika fimbo, akairudisha bila neno. Mpinzani wangu, aliyekuwa akitumia fimbo ya ukutani, aliuliza kwa sauti kama ni ya kuchezea au ya kumpeleka mtu jandoni, na mwenzake akamjibu kwamba mchagua jembe si mkulima. Baa nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao.

Fremu ya mwisho iliniangukia mimi, timu zikiwa sawa. Niliingiza mipira yangu myekundu yote saba, yeye akiwa amebakiwa na miwili ya njano, na mpira mweusi, unaoingizwa mwisho, ulikuwa umekaa karibu na mfuko wa kona. Nilipopiga nilisikia mlio mkavu, kama kijiti kuvunjwa, na kitako kikatetemeka kiganjani. Mweusi uliingia. Mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, ukaufuata kwa mwendo wa polepole kabisa, ukasita ukingoni, ukaingia nao. Kwa kanuni tulizochezea, hapo fremu imekwenda kwa mwenzako, na mechi ikaenda nayo.

Niligeuza fimbo na kukuta ufa wa urefu wa kidole, umepita katikati ya ukanda mweupe. Nikamwonyesha nahodha, nikamwonyesha mwamuzi, nikamwonyesha hata mhudumu. Kwa muda mrefu niliwasimulia watu kwamba ufa ule ndio ulionikosesha mechi. Leo naweza kusema nilichokijua hata siku ile: ufa ulikuwa nyuma, kwenye kitako, na mpira mweupe ulifuata kwa sababu niliupiga juu mno na kwa nguvu nyingi mno, nikitaka mlio usikike hadi barabarani.

Jumatatu nilirudi Mwenge. Mzee alipitisha ukucha wake kwenye ufa, akaunusa, wala hakuniuliza habari za mechi. Alifungua skrubu ya shaba na kunirudishia pamoja na kile kipande cha mbele, kisha akainama na kutoa chini ya benchi gogo jingine, ambalo vichwa vyake vyote viwili vilikuwa tayari vimepakwa nta. Juu yake alifunga ile kamba ya katani yenye fundo.

Nilipita pale mwezi wa Mei, nikapita tena Julai na Agosti, kila mara kwa kisingizio cha kumsalimia. Alikuwa akiitikia marahaba, analigusa gogo kwa mguu, na kuendelea kuchonga.