Umemfanya nini kiboko wangu?

Swali hili limenikaa kichwani tangu Jumamosi na halitaki kutoka. Naosha vyombo, linanijia. Niko kwenye matatu ya Kondele, linanijia. Na wiki yenyewe haikuwa ndogo: mkataba wangu kazini umeongezwa, dada amejifungua mvulana salama salimini, na lile suala la mwenye nyumba lililokuwa likinitia tumbo joto limesukumwa mbele. Lakini nikifumba macho namwona yule mzee wa Dunga, ufukoni hapa Kisumu, kofia mkononi, akitazama ukuta wa ukumbi.

"Mwalimu, umemfanya nini kiboko wangu?"

Binti Kiboko, kama ninavyomwita, ni mwanafunzi wa darasa langu la Jumamosi la Scratch, programu ya watoto ya kutengeneza katuni na michezo ya kompyuta; ndiye aliyempandisha yule paka wa Scratch kwenye bodaboda. Baba yake ndiye hupeleka wageni ziwani kwa mashua. Picha ya kiboko aliipiga mwenyewe alfajiri, injini imezimwa, amekaribia (kwa maneno yake) mpaka akasikia mnyama anavuta pumzi. Simu yake inapiga picha za pikseli (vile vitone vidogo vinavyojenga picha) 4000 kwa 3000, yaani milioni 12, na ukoo mzima unajua hivyo. Siku ya wazazi ikafika, tukaonyesha mradi wa binti ukutani, kiboko akaibuka kwenye mafunjo mbele ya kila mtu, na alikuwa vimiraba vya kijivu. Jicho lilikuwa doa. Mgongoni kwake ametua yangeyange, ambaye binti alimchora kwa kipanya, na huyo alikuwa safi hadi kucha.

Nikamjibu, "Mzee, si mimi. Programu hupunguza picha ikiingia."

"Inapunguza kitu cha mtu bila kumuuliza?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Na huyu ndege wa kuchorwa, mbona hakupunguzwa?"

Kabla sijafungua mdomo, kikundi kingine kikaitwa mbele.

Tangu hapo namjibu peke yangu, tena kwa ufasaha wa ajabu. Mzee, namwambia, jukwaa la Scratch, pale wahusika wanapoonekana, lina upana wa pikseli 480 na kimo cha 360, na limekuwa hivyo tangu programu ilipotolewa mwaka 2007. Siku hizi picha inaruhusiwa kuwa na pikseli mara mbili ya hapo kila upande, 960 kwa 720. Ikizidi, inapunguzwa papo hapo inapopakiwa. Piga hesabu: ni kama kuvua samaki 17 na mmoja tu ndiye afike nchi kavu. Waliobaki huwezi kuwarudisha hata ukiikuza picha namna gani, kwa sababu faili iliyo ndani ya mradi ni hiyo ndogo.

Na bado hapo hatujafika kwenye kiini. Kiboko hakuwa amejaza picha. Alichukua robo ya upana, kwingine ni maji na gugumaji. Kwenye simu robo hiyo ni pikseli 1000. Baada ya kupakiwa, 240. Binti akafuta maji, akabaki na mnyama wa pikseli 240, na kwa kuwa alimtaka mkubwa akaandika 300 kwenye ukubwa, yaani asilimia 300. Halafu tukafungua skrini nzima kwenye projekta ya kanisa. Kila pikseli ya picha ikalazimika kujaza nafasi ya pikseli 9 hivi za projekta. Hata simba angegeuka vigae.

Yangeyange je? Ndege hana pikseli zake mwenyewe. Ni mchoro wa vekta: kompyuta imehifadhi maelezo tu, mstari uanzie hapa, ujipinde hivi, rangi nyeupe. Ukimkuza, inamchora upya kwa ukubwa huo mpya. Scratch ilianza kukubali michoro ya aina hii na toleo la pili, mwaka 2013.

Jibu zuri, sivyo? Kasoro yake ni kwamba linajibu swali la ndege tu. Lile la kumuuliza mwenye mali bado limesimama. Naelewa kwa nini programu ya watoto inapunguza: kompyuta zetu zile mbili kongwe zingekwama zikibebeshwa picha kumi za pikseli milioni 12. Lakini ingeweza kusema. Mstari mmoja tu wa onyo pale unapopakia. Mzee ana haki, na nadhani hilo ndilo linalonichoma kuliko kicheko cha watu.

Jumatano jioni binti akaja na simu ya baba yake. Hakuniomba msaada, aliomba kompyuta. Nikamwambia jambo moja: kata kwanza, pakia baadaye. Akakata kiboko humo humo kwenye simu, 1000 kwa 750, ndipo akapakia. Sasa kilichopunguzwa ni kidogo mno, karibu kiboko mzima akaingia. Akaandika ukubwa 75, akafungua skrini nzima, na tukaona matone ya maji kwenye masikio. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akachungulia.

Nikataka kufuta yule wa vimiraba. Akanishika mkono.

"Usimtoe, Mwalimu. Huyo ni wa chini ya maji."

Akawaweka wote wawili ndani ya mhusika mmoja. Kiboko anatembea akiwa na masikio yake na matone yake. Akizama, vazi (yaani picha anayovaa mhusika) linabadilika, anakuwa vimiraba, na ukiangalia kwa mbali unaapa ni maji yanayomvunjavunja. Sikumfundisha mimi. Nimecheka njia nzima hadi Mamboleo, makanga akaniuliza kama nimeshinda kamari.

Amesema atampelekea baba yake Jumapili, kwenye simu ile ile, kioo chenyewe kidogo, kwa hiyo hata yule wa zamani asingeonekana vibaya sana. Natamani niwepo na sitaki niwepo.

Mama amepiga simu kutoka Butere wakati naandika. Yule ng'ombe mwekundu hali tangu jana, na daktari wa mifugo anataka nauli kabla hajatoka kwake. Nimetuma. Kaka, ambaye yuko karibu na Mama kuliko sote, hapokei simu.