Kura kwa Kiswahili, ushuru kwa Kiingereza

Ukitaka kujua Kenya ni nchi ya aina gani we kaa tu kwa kochi jioni moja na usibadilishe stesheni. Saa moja unapewa taarifa ya habari ya Kiswahili, saa tatu inarudi ya Kiingereza, na ukiangalia vizuri hizo taarifa si mapacha. Ya saa moja utapata mafuriko, bei ya unga, mbunge akitoa mchango kanisani. Ya saa tatu ndo wanaingia wale wachambuzi wa tai wanakatizana juu ya deni la taifa na IMF, lile shirika la fedha la kimataifa. Alafu kuna kitu kingine hunikera kila mara: mama wa Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi, akihojiwa kwa ile ya saa tatu, anaongea Kiswahili chake sawa kabisa, na chini ya skrini wanamwekea maandishi ya Kiingereza. Anatafsiriwa akiwa kwake, nchi ambayo kodi yake ndo inaiendesha, na hakuna mtu anashtuka, juu tumezoea.

Kwa karatasi mambo yako sawa. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili na lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa cha taifa tu, yaani cha kuimba, cha kuhutubia mkutano na cha kuomba kura, lakini ofisini kilikuwa kinabaki kwa mlango na askari. Na hiyo hiyo Katiba inaanza kwa kusema mamlaka yote kuu ni ya wananchi. Mimi si wakili ila nikiweka hivyo vifungu viwili pamoja najiuliza, kama mamlaka ni yangu na ya huyu jirani yangu fundi wa viatu, mbona kila karatasi inayotumia hayo mamlaka inatoka kwa lugha ambayo yeye anaisoma mpaka kichwa cha habari tu anaishia hapo?

Na si ati hatujawahi kujaribu. 1974 Mzee Kenyatta aliamuru Bunge lijadili kwa Kiswahili. Lakini miswada yenyewe ikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo mbunge alikuwa anashika karatasi ya Kiingereza mkononi huku anatafuta Kiswahili chake mdomoni, na kufikia 1979 Kiingereza kikarudishwa ukumbini. Hata wimbo wa taifa ulizaliwa hivo, mdundo wameutoa kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, maneno yakatungwa kwa lugha zote mbili tayari kwa uhuru wa 1963. Tunauimba kwa Kiswahili, ubeti wa kwanza kwa nguvu, wa pili kwa kumumunya, na wa tatu tunaangaliana. Na tusijidanganye pia, hiki Kiswahili tunachokiita chetu, kile cha vitabuni, kilichaguliwa na wakoloni kwenye mkutano wa Mombasa 1928, wakachukua cha Unguja wakaacha Kimvita cha wenyeji wa pale pale walipokaa. Muulize mtu wa Mji wa Kale akuambie, hiyo stori haijaisha.

Sasa wacha niseme penye inaniuma. Kuna wakati nilienda kikao cha kutoa maoni ya wananchi, ukumbi mmoja huku Eastlands, Nairobi, ilikuwa juu ya ada mpya za biashara ndogo ndogo. Viti vya plastiki, maiki inakwaruza, wamama wa soko wameacha vibanda vyao na watoto wa majirani ndo waje wasikie. Afisa akaja na kitabu kinene, Kiingereza tupu, ya sheria, ile ya sentensi moja inajaza ukurasa. Akasoma haraka haraka kama dakika ishirini. Akamaliza akasema sasa kwa kifupi kwa Kiswahili, na hicho kifupi kilikuwa sentensi tatu na zote zilikuwa za kutushukuru kwa kufika. Mzee mmoja muuza mitumba akasimama, akauliza kwa adabu tu, "Mwanangu, hapo kwa kibanda cha mabati mmeandika ngapi?" Afisa akapekua, akapekua tena, akasema hilo swali limechukuliwa. Kwisha. Tukapitishiwa karatasi ya kuandika jina na namba ya kitambulisho, soda ikatoka, na naona hiyo karatasi ya majina ndo ilikuwa shida yao kutoka mwanzo. Kesho mtu akiuliza, ataonyeshwa sahihi zetu.

Kura tunaombwa kwa Kiswahili, ushuru tunatozwa kwa Kiingereza. Hapo ndo kuna shida, si kwa Kiingereza chenyewe, maana mimi Kiingereza kinanilipia nyumba na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni ule ukuta katikati. Lugha moja ya kutuchangamsha na nyingine ya kufanyia kazi yenyewe. Ukienda korti ni vile vile, mshtakiwa anasomewa mashtaka na karani kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa faili kwa Kiingereza, na siku ya rufaa kinachosomwa ni lile faili, si kile alichosema. Korti za chini sheria inaruhusu Kiswahili kama lugha ya kesi kabisa, lakini kuruhusu na kufanya ni vitu viwili.

Alafu ikaja 2024.

Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulitoka kama kawaida, kurasa na kurasa, na kama kawaida ungepita. VAT ya asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa asilimia 2.5 wa thamani ya gari kila mwaka, na vingine vilivyofichwa huko kwa majedwali ya nyuma. Kilichobadilika ni kwamba vijana waliuchukua wakaukatakata. Mtu anakaa mbele ya simu anaeleza kifungu kimoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Sheng, ile lugha ya mtaani ya kuchanganya, mwingine kwa Kikuyu, Kijaluo, Kikamba, Kikalenjin, zinaingia TikTok, zinashuka kwa magrupu ya WhatsApp ya familia, mpaka shosho kijijini anapiga simu anauliza mjukuu wake hii maneno ya mkate ni kweli ama ni uongo. Mkate wakautoa haraka wakidhani watu watatulia. Hawakutulia, juu walikuwa washasoma hayo mengine. 25 Juni watu wakaingia Bunge, kuna waliopigwa risasi wakafa siku hiyo na hao hawatarudi, na kesho yake Rais akasema hataweka sahihi.

Sisemi lugha peke yake ndo ilifanya hivo, hasira ilikuwa ya miaka. Lakini hasira tulikuwa nayo hata 2023 na mswada wa mwaka huo ukapita. Tofauti nilioiona mimi ni kwamba safari hii mtu wa mkokoteni alikuwa anaweza kukuambia ni kifungu gani anakikataa na kwa nini. Hakuna wizara iliwatuma hao vijana. Na kama kuna siku nilijiskia Mkenya kwa maana ya kuwa mwenye hii nchi, ni hizo wiki mbili, nikiskia sheria ya ushuru ikibishaniwa ndani ya mathree, yaani matatu, ya kwenda mtaa wa Umoja.

Kuna watu wataniambia basi tuige Tanzania. Sawa, Bunge lao ni Kiswahili toka zamani na 2021 wakabadilisha sheria Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, hongera kwao na sioni aibu kuwaonea wivu. Lakini sekondari na chuo kikuu kwao bado ni Kiingereza, kwa hivyo ukuta upo, wameusogeza tu mahali pengine. Na kwa wale wanadhani kuwa na lugha mbili rasmi kwa Katiba kunatosha, waangalie Kameruni. Kifaransa na Kiingereza, sawa kwa sawa kwa maandishi. Mwaka 2016 mawakili wa upande wa Kiingereza wakagoma, kati ya malalamiko yao ni kuletewa mahakimu wa Kifaransa na sheria za biashara ambazo hazijatafsiriwa. Mawakili! Watu wa suti. Mwanzo wa 2017 serikali ikawazimia intaneti kama miezi mitatu, na mambo yakaenda mpaka bunduki. Na hizo lugha zote mbili zililetwa na wakoloni, sisi angalau moja yetu imetoka hapa hapa Pwani.

Kuhusu Sheng sina mengi, wenye wanalia ati inaharibu watoto wamelia tangu mimi niko mtoto. Ndani ya mathree tunachanganya na hakuna mtu anakuwa mdogo. Shida huanza ukishuka ukaingia ofisi.

Kwa hivyo mimi sitaki hotuba nyingine ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili, ya waziri mwenye kanzu ya kuazima. Nataka kitu kidogo. Bajeti inafaa kufika Bungeni miezi miwili kabla mwaka wa fedha kuisha 30 Juni. Mswada wa Fedha nao utoke kwa lugha zote mbili siku ile ile, na ada za kaunti hivo hivo. Watafsiri wapo, Bunge lenyewe lina watu wanaandika Kiswahili cha wabunge neno kwa neno kila siku. Vijana walifanya hii kazi 2024 kwa siku chache, kwa simu zimepasuka kioo, na bando wamejinunulia. Na wakishautoa kwa Kiswahili najijua, ntakuwa wa kwanza hapa kulalamika ati wameandika Kiswahili kigumu.