Chupa ilikuwa safi kama maji ya mfereji, kumbe mwamba bado uko ndani

Wiki mbili nimekuwa nikiyeyusha mawe kwa asidi ili nipime elementi zilizomo, watu kwetu wanadhani nimeingia biashara ya kokoto. Mawe yenyewe ni mawili, trakaiti, jiwe la volkeno la hapa Nairobi, na naisi ya upande wa Machakos, ile miamba ya kale sana, na shida yote ilitoka kwa naisi.

Kazi inaenda hivi: unasaga jiwe mpaka liwe laini kama unga wa ngano, unapima gramu 0.1 unaweka kwa kikombe cha tefloni, unamwaga asidi ya haidrofloriki na ya naitriki, unafunga, unaacha kwa hotipleti usiku kucha. Mbona tefloni na si glasi? Haidrofloriki inakula glasi, na ndio maana inaliweza jiwe, inashika silika inaigeuza gesi inapaa zake. Hiyo asidi siipendi hata kidogo. Ikikugusa unaweza usisikie kitu kwa masaa, na huku inapenya kwa nyama ikitafuta kalsiamu ya mwili wako, kwa hivyo ile jeli ya kalsiamu glukoneti inakaa mezani karibu na mkono, si kwa kabati lililofungwa na funguo iko na mtu ameenda lunch.

Ukishakausha unaongeza naitriki tena na tena, kwa sababu floridi, chumvi za hiyo haidrofloriki, zinaachwa chini kama chokaa nyeupe na hizo zinameza rea athi, lile kundi la elementi adimu. Hapo nilikuwa makini. Mwisho maji yakawa safi, nikafurahi, nikayapeleka kwa mashine ya kupima elementi.

Na stendadi ya BHVO-2, ile basalti ya Hawaii ambayo vipimo vyake vinajulikana tayari, ikatoka vizuri kabisa, zirikoniamu karibu ppm 172 (sehemu 172 kwa milioni) vile inafaa. Basi nikajua niko sawa. Lakini naisi zirikoniamu yake ilikuwa chini ajabu, hafniamu nayo chini, ytebiamu na lutetiamu, zile rea athi nzito, zikashuka pia, nikaanza kulaumu mashine maskini.

Nikamwonyesha mzee wa labu. Hata hakuangalia kompyuta. Akaniuliza, "Kijana, ulizungusha chupa kwa senta?" Nikasema hapana mzee, si ni safi. Akaiweka kwa senta, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi mpaka vumbi lizame chini, akaiinamisha kwa taa ya dirisha, na pale chini kabisa, pembeni, kukawa na vumbi kidogo linametameta, hata chumvi ya kidole ni nyingi. "Hiyo ni zikoni. Basalti haina shida hiyo, ndio maana imekudanganya."

Yaani nilijipima kwa jiwe rahisi! Zikoni, hayo madini magumu yenye zirikoniamu, kwa hotipleti inaweza kukaa hapo wiki na isishtuke, na ndiyo imebeba karibu hafniamu yote na sehemu kubwa ya hizo rea athi nzito.

Kuna njia ya kuyeyusha unga na lithiamu borati kwa moto wa digrii kama 1000, hiyo inamaliza zikoni, lakini unaongeza chumvi nyingi sana na risasi, ile metali ya lead, inaweza kupotea na moto, na mimi risasi naitaka. Kwa hivyo nimechukua ile bomu ya chuma, yaani chombo kinachofungwa kabisa ili presha ipande, yenye kikombe cha tefloni ndani, digrii 190, siku tatu. Safari hii nimeweka na stendadi ya graniti, yenye zikoni kama naisi. Iko kwa oveni toka jana, kesho kutwa nafungua, na senta nimeshaiweka booking.