Mkwaju wa redioni na hii kauli ya "ni maigizo tu"

Nina binamu yangu anaandika visa vya mapenzi vya dakika mbili tatu vya kurusha mtandaoni, kijana ana kipaji kweli na anafuatiliwa na watu wengi tu, sasa juzi nikamuuliza mdogo wangu mbona kwenye klipu zako mchepuko ndo anashinda kila siku, mke anabaki analia jikoni halafu wimbo unaingia, basi imeisha. Akanijibu dada, ni maigizo tu, watu wanacheka wanapita. Sikumjibu palepale. Ila hilo neno nimekaa nalo wiki nzima, kwa sababu mimi najua mtaa uliobadilishwa na maigizo, nimekulia humo.

Nimekulia Uyole, Mbeya, pale njia ya Malawi inapojitenga na ile ya kwenda Zambia. Malori usiku na mchana. Madereva walikuwa watu wakubwa pale kwetu, wana hela, wana stori za Lusaka na Dar, utingo wanawabebea mizigo, na magesti yalikuwa yanaishi kwa ajili yao. Mwaka 1993 UKIMWI ulikuwa umeshatimiza miaka 10 tangu wagonjwa wa kwanza nchini wagundulike kule Kagera, watu walikuwa wanazikwa, ila kuuzungumza nyumbani ilikuwa aibu kubwa mno, mtu akikonda utasikia karogwa, au ana kifua. Mabango ya kutisha yalikuwepo, tuliyapita tu kama hatuyaoni.

Ndipo Julai mwaka huohuo Redio Tanzania wakaanza mchezo wa kuigiza, Twende na Wakati. Mara mbili kwa wiki, saa kumi na mbili na nusu jioni. Wa rika langu mnaikumbuka. Mkwaju, dereva wa lori, ana mke nyumbani anaitwa Tunu, na huko barabarani ana wanawake kila anapoegesha. Halafu kuna Fundi Mitindo, yule fundi cherehani, na mkewe Mama Waridi, wanavutana kuhusu uzazi wa mpango, leo hivi kesho vile, mpaka wanakuja kukubaliana.

Kwetu redio ilikuwa National moja, betri zikichoka tunaanika juani asubuhi ili jioni zisukume hata nusu saa, na majirani walikuwa wanakuja kukaa kibarazani kusikiliza. Nataka mnielewe hapa, wote tulikuwa tunasikia kwa pamoja, baba yupo, mama yupo, bibi yupo, watoto tumejibanza, na dereva mmoja aliyepanga nyumba ya pili naye yupo. Mkwaju akifanya vituko watu wanacheka, wanamwita muhuni, halafu kimya kidogo, kisha mama anasema "mwanamke mwenzangu anaumia huyo Tunu" na baba hajibu kitu. Mama asingeweza kumwambia baba maneno yale ana kwa ana hata siku moja! Kupitia Tunu aliyasema yote. Na mtaani hivyo hivyo, mwanaume akianza kutangatanga utasikia "angalieni na huyu naye Mkwaju", hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Nimekuja kusoma ukubwani jinsi ilivyotengenezwa na nimebaki namheshimu kila aliyegusa kazi ile. Mbinu yenyewe ilitoka Mexico, kwa Miguel Sabido, aliyekuwa anaandaa tamthilia za televisheni miaka ya 70 zenye kufundisha, unaweka mhusika anayefanya mabaya, mwingine anayefanya mema, na yule wa katikati anayesitasita, ambaye ndiye msikilizaji mwenyewe, maana wengi wetu tuko hapo katikati. Na kabla hawajaandika walienda kwanza kuwauliza watu wanaishije, wanaamini nini, wanaogopa nini. Hawakukaa ofisini wakabuni.

Halafu kuna hili la Dodoma. Shemeji yangu amelelewa Dodoma, na kila tukikumbushana Mkwaju alivyoanza anabaki anatuangalia tu, nilidhani kwao hawakuwa wasikilizaji wa redio. Kumbe watafiti walipanga Dodoma isirushiwe mchezo ule mpaka 1995, saa ile walikuwa wanapata vipindi vingine, ili wapate kulinganisha mikoa iliyosikia na uliokosa. Na majibu yalionekana. Kwenye kliniki walizozifuatilia, wateja wapya wa uzazi wa mpango waliongezeka kwa asilimia 32 kule mchezo ulikosikika, Dodoma idadi ikabaki palepale. Na kwa upande wa UKIMWI, asilimia 82 ya wasikilizaji waliohojiwa walisema wamebadili mwenendo kwa sababu ya mchezo ule. Hiyo 82 mi naichukulia kwa tahadhari kidogo, mtu akiulizwa na mtafiti anaweza akasema linalopendeza, lakini hao wa kliniki ni watu waliotoka nyumbani wakatembea mpaka kwenye mlango wa kliniki, hapo huwezi kubisha.

Mi Dodoma inaniuma, nasema ukweli. Miaka ile miwili ilikuwa miaka mibaya, na kuna mtu kule angeweza kumsikia Mkwaju mapema zaidi. Nimejaribu kujiweka upande wa waliopanga utafiti, na naelewa kwamba bila Dodoma leo tungekuwa tunabishana tu kama kweli redio ilisaidia au ni hisia zetu. Naelewa. Ila bado inaniuma, na shemeji nilipomsomea alikaa kimya muda mrefu akaniuliza "kwa hiyo sisi tulikuwa wa kulinganishia?"

Sasa turudi kwa binamu. Mtu anaweza kuniambia zamani ilikuwa rahisi, na kweli, mwaka 1993 huku Bara redio ilikuwa ya serikali tu, redio binafsi na televisheni tumeanza kuzipata 1994, kwa hiyo ukikosa Mkwaju huna pa kwenda. Leo kila mtu ana simu yake na kila mmoja anaangalia lake chumbani, hata mume na mke kitanda kimoja wanaangalia vitu tofauti wamegeuziana mgongo. Hakuna kipindi kitakachokamata nchi nzima hivyo tena, nakubali.

Ila mimi nadhani tulichopoteza zaidi ni muda. Mkwaju alikuwa mtu wa raha, ana maneno matamu, watu walimpenda jamani! Hakuna aliyetuhubiria kwamba huyu mbaya. Tulimfuata mwezi baada ya mwezi akila maisha, tukazoea, tukawa tunamsubiri, kisha akaanza kuumwa, na kwa sababu tulishamzoea ugonjwa wake ukawa kama wa ndugu. Tunu naye hakuamka siku moja akawa jasiri, alijivuta pole pole, akaanzisha kabiashara kake, akaanza kusimama mwenyewe, na wanawake wa kibarazani kwetu walikuwa wanapiga naye hesabu hatua kwa hatua. Dakika tatu haziwezi kufanya hivyo. Dakika tatu zinatosha kuonyesha raha ya Mkwaju peke yake, gari, gesti, pochi nene, na klipu inakatika kabla malipo hayajaja. Ukiziangalia mia mbili kwa siku, na kuna mabinti wa form two wanaziangalia hivyo, unakuwa umeona raha mia mbili na hakuna hata mwisho mmoja. Halafu tunaambiwa ni maigizo tu.

Na hao wasanii wanapendwa sana, ndo maana nasema wana nguvu kuliko wanavyojua. Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, alipofariki Aprili 2012 Dar ilifurika watu kumzika, umati ule viwanja vya Leaders, watu wanazimia, wengi wao hawajawahi kukutana naye hata mara moja. Mtu anayeliliwa hivyo hawezi kuniambia kwamba anachokifanya kwenye skrini hakiingii ndani ya watu.

Jana usiku nimempigia binamu tukaongea mpaka bando likaisha. Sijamwambia aanze kuhubiri, mahubiri watu watakimbia na mimi nitakuwa wa kwanza. Nimemwambia mchepuko muache awe mzuri hivyo hivyo na mwenye maneno, ila hadithi iendelee, wale wale watatu, wiki hii, wiki ijayo, mwezi ujao, tuone nyumba ile inafika wapi. Akasema dada ikiwa ndefu watu wanaondoka. Nikamwambia watu walianika betri juani ili wasikose. Akanyamaza, baadaye akaniuliza lile suala la kwenda kuuliza watu kwanza walikuwa wanalifanyaje. Nimemkutanisha na nesi mmoja mstaafu, mama wa watu amefanya unasihi miaka mingi na anajua nyumba zinavyovunjika na zinavyopona, wanaonana Alhamisi. Nimemwomba aende na daftari, na huyo mama akianza kuongea asimkatishe.